Trekta la Petroli Lisilotaka Kuwaka

Mwishoni mwa mwezi wa Machi, mawingu yaanzapo kukusanyika juu ya Mlima Elgon, kila mwenye shamba upande wa Kitale huziangalia mbingu kwa jicho moja, na kwa jicho la pili huliangalia trekta lake. Mahindi ya nchi ile hupandwa mara moja kwa mwaka, na mbegu ikichelewa kuingia ardhini mavuno hupungua. Basi trekta likataalo kuwaka katika siku zile si jambo la kuudhi tu, bali ni magunia yanayopotea. Na kwa kuwa mwenyewe ana haraka, ndipo afanyapo makosa. Hufungua hiki, hugeuza kile, hununua chombo kipya asichokihitaji, na jioni ikifika injini ni baridi kama ilivyokuwa asubuhi, ila sasa ina ubovu wa namna mbili mahali pa mmoja.

Somo hili lahusu matrekta ya zamani yatumiayo petroli, na hasa lile dogo la kijivu liitwalo Ferguson TE20. Trekta hilo liliundwa katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956, na zaidi ya matrekta 500,000 yalitoka katika kiwanda hicho. Injini za kwanza zilitoka Marekani kwa kampuni ya Continental. Baadaye zikatumika injini za kampuni ya Standard ya hapo hapo Coventry. Mengine yangali yakilima mpaka leo, kwa sababu injini yake ni nyepesi kufahamika na mtu mwenye spana chache na akili iliyotulia aweza kuitengeneza. Yalikuwako pia yenye injini ya dizeli, lakini hayo hayana plagi za moto wala kabureta, na mengi ya somo hili hayayahusu.

Achukuliwe kwa mfano mzee mmoja mwenye ekari 15 na trekta la namna hiyo. Alilima nalo mwaka uliopita, akaliegesha chini ya banda la mabati mwezi wa Mei, nalo likakaa hapo miezi kumi. Machi ilipofika alifunga betri, akavuta choki, akajaribu kuliwasha. Stata ilizunguka vizuri, injini isiwake. Akarudia na kurudia mpaka betri ikachoka. Jirani akapita, akanusa harufu ya petroli, akasema, "Mzee, hiyo ni kabureta." Siku ya pili kabureta nyingine ikanunuliwa mjini kwa fedha nyingi, ikafungwa, na trekta likabaki kimya vile vile. Ndipo mzee alipomwita mpwa wake, kijana afanyaye kazi katika karakana moja huko Eldoret.

Kijana alipofika hakushika spana. Aliuliza kwanza.

"Mjomba, siku ile ya mwisho lilizimika lenyewe, au ulilizima wewe?"

"Nililizima mwenyewe, mwanangu. Lilikuwa zima kabisa."

Swali hilo lastahili kuulizwa na kila fundi, maana jibu lake huondoa nusu ya kazi. Injini iliyozimwa ikiwa nzima, kisha ikakaa, haikuvunjika kitu ndani yake. Iliyoipata ni unyevu, kutu, petroli iliyochacha, wadudu na panya. Injini iliyokata ghafla shambani, kama mtu aliyezima taa, aghalabu imepotewa na umeme. Ile iliyokohoa, ikafifia, ikarudi kidogo, kisha ikafa, imekosa petroli. Na ile iliyokuwa ikipungua nguvu mwezi baada ya mwezi mpaka ikashindwa kuwaka asubuhi, hiyo imechakaa ndani, na hakuna kabureta duniani itakayoiponya.

Injini ya petroli yahitaji mambo matatu ili iwake: cheche kali ya umeme, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri ifaayo, na kushindiliwa kwa mchanganyiko huo ndani ya silinda. Tena mambo hayo yatokee kwa wakati wake. Likikosekana moja, mengine mawili hayafai kitu. Fundi mwema huyapima moja moja, wala hagusi la pili kabla hajawa na hakika na la kwanza. Tena huanza na cheche, kwa kuwa cheche yaweza kuonekana kwa macho katika dakika tano bila kuharibu chochote, ilhali kabureta ikifunguliwa na kuchokolewa haitakuwa tena kama ilivyokuwa.

Kabla ya kugusa chochote

Katika Ferguson hilo la kijivu stata huwashwa kwa kusogeza mti wa gea mpaka mahali palipoandikwa herufi S. Waliolibuni walifanya hivyo kwa makusudi, ili trekta lisiweze kuwaka likiwa ndani ya gea. Lakini mitambo ikichakaa, watu huona ni rahisi kuunganisha nguzo za stata kwa bisibisi, wakisimama mbele ya gurudumu kubwa. Watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi nyingi. Trekta liko katika gea, injini yawaka ghafla, na gurudumu la nyuma humpanda aliyesimama mbele yake kabla hajapiga kelele. Ikiwa swichi ya stata ni mbovu, itengenezwe hiyo kwanza, na magurudumu yazuiwe kwa mawe.

Mwenye kutumia hendeli aishike na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, aivute kwenda juu wala asiisukume kwenda chini. Injini ikirudi nyuma, hendeli itamponyoka mkononi bila kuuvunja mkono. Petroli isinyonywe kwa mdomo kwa mpira, kwani tone moja likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali. Wala petroli isimwagwe ndani ya mdomo wa kabureta huku mwingine akizungusha stata. Moto ukirudi nyuma huiwasha chupa iliyo mkononi. Na kazi yote ifanywe nje ya banda, maana moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu.

Betri na nyaya zake

Betri yaweza kudanganya. Yaweza kuwa na nguvu za kuizungusha stata, lakini stata ikiisha kuchukua sehemu yake kilichobaki hakitoshi kufanya cheche. Mzee akiona injini yazunguka hudhani betri ni nzima. Njia nyepesi ya kuijua ni kuwasha taa za trekta, kama zipo, kisha kuzungusha stata. Taa zikififia kidogo, si neno. Zikizimika kabisa, betri ni dhaifu au nyaya zake hazishiki vizuri. Mwenye kipimo cha volti na akitumie: betri ya volti 12 isishuke chini ya volti 9 na nusu stata inapozunguka.

Kabla ya kuilaumu betri, yatazamwe mafundo ya nyaya. Unga mweupe au wa kijani uliozunguka nguzo huzuia umeme, nao huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, kisha chuma hukwanguliwa mpaka king'ae. Mara nyingi ubovu hauko juu ya betri bali upande wa pili, pale waya mnene ufungwapo kwenye mwili wa trekta juu ya rangi na kutu. Fundi akizungusha stata kwa muda mfupi kisha akagusa kila fundo kwa kidole, lile lililopata moto ndilo lisiloshika.

Yafaa pia ifahamike kwamba katika mengi ya matrekta hayo ni nguzo ya kujumlisha ndiyo ifungwayo kwenye mwili wa trekta, si ile ya kutoa kama ilivyo katika magari ya siku hizi. Betri mpya hufungwa kinyume kila mwaka na watu waliozoea magari. Itazamwe namna ya zamani ilivyofungwa kabla haijaondolewa.

Kutafuta cheche

Mpwa yule alifungua plagi moja, akairudisha katika waya wake, akailaza juu ya injini ili chuma chake kiguse chuma, mbali na tundu la plagi na mbali na kabureta. Akafungua swichi, akamwomba mjomba wake azungushe stata.

"Waona nini?" mzee akauliza.

"Sioni kitu, Mjomba. Sasa tumeacha kubahatisha."

Cheche njema ni ya rangi ya samawati, tena husikika ikipiga. Cheche ya manjano, nyembamba, isiyo na sauti, ni dhaifu; yaweza kuonekana nje na bado ikashindwa ndani ya silinda, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ni vigumu zaidi kurukwa na umeme kuliko hewa ya nje. Na pasipo cheche yoyote, kama ilivyokuwa kwa mzee, fundi hurudi nyuma hatua kwa hatua akiifuata njia ya umeme.

Njia yenyewe ni hii. Umeme hutoka katika betri, hupita katika ampea iliyo mbele ya dereva na katika swichi, huingia katika koili, kisha huenda kwenye distribyuta. Humo ndani mna vipande viwili vidogo vya chuma ambavyo mafundi huviita pointi. Injini ikizunguka, pointi hufungana na kuachana. Zikifungana, umeme wa betri hupita ndani ya koili. Zikiachana, umeme hukatika ghafla, na kukatika huko ndiko kuzaako ndani ya koili umeme mwingine wa maelfu mengi ya volti. Umeme huo mkali hurudi kwa waya mnene mpaka katikati ya kifuniko cha distribyuta, na rota huugawia plagi moja baada ya nyingine.

Basi jaribio la pili ni kuchomoa waya ule mnene wa katikati ya kifuniko, kuushika kwa kitambaa kikavu au koleo yenye mpini wa mpira, na kuweka ncha yake karibu na chuma cha injini, kama nusu sentimita. Cheche ikiruka hapo lakini isifike kwenye plagi, koili na pointi ni nzima, na ubovu umo katika kifuniko au rota au nyaya za plagi. Kifuniko kitazamwe kwenye mwanga: ufa mwembamba kama unywele, wenye mstari mweusi wa masizi, watosha kuupoteza umeme wote. Unyevu pia hufanya hivyo, na asubuhi za Kitale zina umande mwingi; kukipangusa kifuniko na kukianika juani kumewasha matrekta mengi kuliko vyombo vya dukani. Katikati ya kifuniko mna kipande kidogo cha makaa kinachoigusa rota. Kikianguka, mtu aweza kutafuta ubovu kutwa nzima asiuone.

Cheche isiporuka hata hapo, ubovu uko upande wa umeme mdogo, na sasa ile ampea ambayo watu huipuuza huwa shahidi bora. Swichi ikiwa wazi, injini izungushwe polepole kwa hendeli. Mshale wa ampea wapasa kucheza: uende upande wa kutoa pointi zikifungana, urudi katikati zikiachana. Mshale ukikaa katikati bila kutikisika, umeme haupiti: waya umekatika, swichi mbovu, au pointi hazigusani kwa uchafu. Mshale ukibaki upande wa kutoa bila kurudi, umeme hupita daima na haukatwi: pointi haziachani, au waya mdogo umechubuka na kugusa chuma, au kondensa imepasuka ndani.

Kwa mzee yule mshale haukutikisika. Mpwa akafungua kifuniko, akatenganisha pointi kwa ncha ya bisibisi, akaona nyuso zake zimefanya utando wa kijivu, mwembamba kama ukungu juu ya kioo. Utando huo ndio ugonjwa wa kwanza wa trekta lililolala. Haumaanishi kwamba pointi zimekufa. Alipitisha tupa nyembamba baina yake mara tatu nne, kisha akavuta karatasi safi isiyo na mafuta ili kuondoa vumbi la chuma. Msasa wa kawaida usitumike, maana chembe zake hujizika ndani ya pointi na kuziunguza. Nafasi baina ya pointi, zinapokuwa wazi kabisa, ipimwe kama kitabu cha trekta kisemavyo. Mtu asiye na kipimo atumie unene wa kadi ngumu, itakayomfikisha nyumbani, na kipimo cha kweli atakiazima baadaye.

Pointi zikikutwa zimeungua nyeusi, au moja imetoa kichuguu na nyingine shimo, kondensa yashukiwa. Kazi yake ni kuumeza umeme pointi zinapoachana ili usiruke baina yake. Ni chombo cha bei ndogo, na ndicho pekee ambacho mtu aweza kukibadili bila kuwa na hakika, akilinda kile cha zamani kwa siku ya taabu.

Matrekta mengine ya zamani hayana koili bali yana magineto, ambayo hujitengenezea umeme wake bila betri. Uchunguzi wa cheche na wa pointi ni ule ule. Ila humo swichi huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye mwili wa trekta. Kwa hiyo waya wa swichi ukichubuka na kugusa chuma, magineto nzima huonekana kama imekufa. Uchomolewe waya huo, na cheche ijaribiwe tena.

Mpwa alirudisha kifuniko, akajaribu. Cheche ya samawati ikapiga, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Trekta, hata hivyo, lilikuwa halijawaka bado.

Petroli

Plagi iliyotolewa husema habari nyingi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha injini na choki imevutwa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli imezidi, na kuendelea kuvuta choki ni kuongeza mafuriko. Hapo choki irudishwe, mafuta yafunguliwe mpaka mwisho ili hewa nyingi ipite, na injini izungushwe. La sivyo plagi zote nne zitolewe, zikaushwe, na silinda zipewe muda wa kupumua. Plagi zikiwa nje yapimwe nafasi zake. Kwa injini nyingi za namna hii nafasi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Plagi za mzee zilikuwa zimelowa, kwa sababu ya majaribio mengi ya siku mbili bila cheche. Ndiyo iliyokuwa harufu aliyoinusa jirani. Kabureta ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Petroli yenyewe ichunguzwe. Imwagwe kidogo katika chupa safi ya kioo na kuachwa itulie. Maji hukaa chini kama shanga zinazoviringika, kwani tangi lililoachwa nusu tupu hutoa jasho ndani yake usiku wa baridi. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi, ambayo ndiyo iwashayo injini ikiwa baridi, na harufu yake huwa kama ya rangi ya mlangoni. Hiyo haifai kuamshia injini. Tena kuna petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa ulaghai. Katika Kenya ulaghai wa kuchanganya mafuta ulifikia kiasi cha Serikali kuweka, mwaka 2018, ushuru wa shilingi 18 kwa lita juu ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Tone la petroli safi likianguka juu ya karatasi hukauka upesi lisiache kitu. Lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Katika Ferguson petroli hushuka kwa uzito wake, hakuna pampu. Chini ya tangi pana koki na kikombe cha kioo chenye wavu wa chujio. Kikombe kikifunguliwa, kioshwe pamoja na wavu wake, na mpira wake uangaliwe usijikunje. Kisha parafujo ya kumwagia, iliyo chini ya kabureta, ifunguliwe juu ya kopo. Petroli itoke kama uzi mnene usiokatika, na fundi asiridhike na sekunde tano, maana kiasi hicho ni kile kilichokuwa tayari ndani ya kabureta. Angoje nusu dakika nzima. Ikianza vizuri kisha ikapungua na kuwa matone, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Petroli ikirudi kwa nguvu, tundu dogo la kuingizia hewa katika kifuniko limezibwa.

Jambo hilo la tundu laonekana dogo, lakini nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya namna hiyo, nao hawachagui: hujenga katika kifuniko cha tangi, katika mrija wa hewa, hata katika mdomo wa bomba la moshi. Panya nao hukusanya nyasi ndani ya chujio la hewa. Trekta lililolala banda moja na magunia ya mahindi lifunguliwe chujio la hewa kabla ya kuwashwa, na mafuta yaliyo ndani ya bakuli lake yabadilishwe.

Baada ya hayo yote ndipo kabureta ifunguliwe, ikiwa bado yashukiwa. Boya lililoganda hutikiswa kwa kugonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, polepole. Jeti hupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Zisichokolewe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli kupita kiasi siku zake zote.

Kushindilia, na wakati wa cheche

Hapa hapahitaji maneno mengi. Swichi ikiwa imefungwa, injini izungushwe kwa hendeli: kila nusu mzunguko mkono wapasa kukutana na upinzani, mara nne zilizo sawa. Mara moja ikiwa laini kuliko nyingine, silinda hiyo ina valvu iliyoganda au kuungua, au gasketi imepasuka. Zote zikiwa laini, yamkini pete za pistoni zimekwisha. Kijiko cha mafuta ya injini hutiwa katika tundu la plagi. Upinzani ukiongezeka, ubovu ni wa pete, na usipoongezeka, ni wa valvu. Wenye kipimo cha kushindilia wakumbuke kwamba hewa ya Kitale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni kama sehemu nne kwa tano tu za hewa ya Mombasa. Kipimo kitasoma chini ya kile kilichoandikwa katika kitabu, na injini nzima zimewahi kubomolewa kwa kutojua hivyo.

Injini ikipiga kishindo katika bomba la moshi au kutema moto katika kabureta, cheche ipo lakini yafika kwa wakati usio wake. Mara nyingi mtu aliyefungua nyaya za plagi alizirudisha vibaya. Katika Ferguson silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na radieta, na mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, ukifuata upande rota inakozungukia. Ni vyema kila waya utiwe alama kwa rangi au uzi kabla haujachomolewa.

Kwa mzee yule kushindilia kulikuwa kuzuri. Petroli ya mwaka uliopita ikamwagwa, mpya ikatiwa, plagi zikakaushwa, na betri iliyochajiwa usiku ikarudishwa. Trekta liliwaka mara ya pili tu ya stata. Likanguruma robo saa, likaanza kukohoa, likafa.

Mzee alitaka kuirudia kabureta. Mpwa aliweka sikio karibu na tangi, akafungua kifuniko polepole, na wote wawili wakasikia hewa ikiingia kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Kosa la pili lilikuwapo tangu mwanzo, lakini halikuweza kuonekana mpaka la kwanza liondoke, kwa kuwa injini isiyowaka hainywi petroli ya kutosha kulidhihirisha. Udongo ukatolewa kwa mwiba, tangi likafungwa, na mchana huo huo plau ikaingia shambani.

Kabureta iliyonunuliwa mjini haikurudishwa dukani, maana duka halipokei chombo kilichokwisha kulowa petroli. Ilifunguliwa, ikafutwa, ikafungwa katika gunia na kutundikwa juu bandani. Ile ya zamani ndiyo iliyorudi kwenye injini, nayo ilifanya kazi mpaka ekari ya mwisho ilipokwisha kulimwa.